Lori la Kijeshi, Injini Nyingine na Hewa ya Gilgil

Malori mengi ya kijeshi yaliyotengenezwa Ulaya na Marekani kati ya miaka ya 1950 na 1980 yalipewa chesisi na ekseli imara kupita mahitaji ya kawaida, lakini injini zake zilikuwa dhaifu ukizilinganisha na uzito zilizopaswa kuusukuma. Kasoro hiyo ya uwiano ndiyo iliyozaa kazi ambayo mafundi wa magari mazito wameifanya kwa miongo mingi, nayo ni kuing'oa injini ya kiwandani na kufunga mahali pake injini ya dizeli yenye nguvu zaidi. Katika mji kama Gilgil, wenye kambi ya jeshi ya Kenyatta, mafunzo ya awali ya Huduma ya Vijana kwa Taifa na mizani ya malori kando ya barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, kazi hiyo ina sababu nyingine ambayo fundi wa Mombasa halazimiki kuiwazia: mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Mfano mzuri wa gari la aina hii ni Bedford MK, lori la tani 4 linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo jeshi la Uingereza lilianza kulitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bedford zilizostaafishwa jeshini zilinunuliwa na raia wengi, wakiwemo wenye kampuni za safari zilizowabeba watalii kwa barabara kutoka London hadi Nairobi. Injini ya MK, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 5.4, iliundwa ikubali mafuta ya namna mbalimbali, yaani ichome dizeli, petroli au mafuta ya taa kwa kutegemea joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda badala ya cheche ya plagi, kwa kuwa jeshi lililo vitani halichagui kituo cha mafuta. Uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Injini ilitoa nguvu za farasi zipatazo 106 tu, ilhali lori lililopakiwa lilikaribia tani 10, kwa hiyo kila tani ilivutwa na farasi 11 hivi.

Hesabu hiyo ni ya pwani. Injini isiyo na tabo hufyonza hewa kwa nguvu ya pistoni inaposhuka, haina msaada mwingine, na kiasi cha mafuta inachoweza kukichoma hutegemea kiasi cha hewa iliyopata. Gilgil, mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 80 ya ule wa Mombasa, hivyo farasi 106 wa kiwandani hubaki kama 85 kabla lori halijaanza kupanda mlima wowote. Na milima ipo pande zote mbili: anayekwenda Nairobi hupanda Kinungi, na anayekwenda Eldoret hupita Timboroa, ambako barabara iko juu ya mita 2,700.

Hapa ndipo wenye malori hushawishika kuchukua njia ya mkato, ambayo mafundi huiita kufungua pampu, yaani kuilegeza skrubu inayodhibiti kiasi cha dizeli ili nozeli zinyunyize mafuta zaidi. Kwenye mwinuko wa Gilgil dawa hiyo haitibu ugonjwa wenyewe, kwa sababu kinachokosekana ni hewa, na dizeli isiyo na hewa ya kutosha hutoka kwenye eksozi ikiwa moshi mweusi. Ile inayoungua kwa kuchelewa hupandisha joto ndani ya silinda hadi vichwa vya pistoni vikaanza kuharibika. Lori linalofuka moshi mzito likipanda Kinungi mara nyingi husemwa lina nguvu, ingawa moshi ule ni pesa ya mwenyewe inayotoka bila kufanya kazi.

Suluhisho la kweli ni tabo. Kifaa hiki kina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja: la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, la pili huishindilia hewa safi kuingia kwenye silinda, na shafti hiyo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Injini yenye tabo hurudishiwa sehemu kubwa ya hewa ambayo mwinuko umeipunguza, ndiyo maana injini ndogo yenye tabo inaweza kuishinda kubwa isiyo nayo.

Majeshi yenyewe yamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Jeshi la Marekani lilipoboresha lori lake la tani 5 la jamii ya M939, toleo la A2 liliacha injini ya Cummins ya lita 14 isiyo na tabo na kupewa Cummins ya lita 8.3 yenye tabo, ambayo ilitoa farasi wapatao 240, karibu sawa na ile kubwa iliyoitangulia. Urusi ya wakati wa Kisovieti ilianza mwaka 1977 kuunda Ural-4320 yenye dizeli ya KamAZ ya farasi 210, ikichukua nafasi ya Ural-375 ambayo injini yake ya petroli ya farasi 180 ilikuwa na sifa mbaya ya kunywa mafuta. Australia nayo iliagiza Land Rover zilizoingia jeshini kuanzia 1987 zikiwa na dizeli ya Isuzu ya lita 3.9 badala ya injini ya Kiingereza.

Uamuzi huo wa Australia una mantiki ambayo mkazi wa Bonde la Ufa ataielewa haraka. Malori ya Isuzu yamekuwa yakiunganishwa Nairobi tangu kiwanda, ambacho kuanzia 2017 kinaitwa Isuzu East Africa, kilipoitwa General Motors Kenya, na spea za injini kama 6BD1 ya lita 5.8 hupatikana Nakuru au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi bila kuagizwa ng'ambo. Injini ya Cummins 6BT, yenye lita 5.9 na tabo, ni nzuri na huenda ikaishinda Isuzu kwa nguvu. Lakini injini ambayo gasketi yake husubiriwa wiki kadhaa ni hasara, hata ikiwa na farasi wengi kiasi gani. Kwa lori la tani 10, farasi kati ya 150 na 170 wanatosha, na anayetafuta zaidi ya hapo anatafuta sifa.

Kuipata injini si kazi ngumu kama kuikutanisha na giaboksi isiyoijua. Fundi hutengeneza bamba nene la chuma lenye matundu ya bolti za pande zote mbili, kisha kabla ya kulikaza kabisa hufunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, ile sahani nzito iliyo nyuma ya injini, na kuizungusha kwa mkono polepole huku akitazama mshale. Mshale ukiyumba, maana yake kitovu cha giaboksi na kitovu cha injini havijalingana, na tofauti ndogo kuliko milimita moja inatosha kuua beringi ya shafti ya kuingilia na kuifanya klachi itetemeke kila gari linapoondoka. Gereji isiyo na saa hiyo haifai kupewa kazi hii, hata kama bei yake ni nafuu.

Nguvu ya ziada huendelea hadi nyuma. Klachi ya zamani huteleza, na gia ya kwanza ikitumiwa pamoja na gia nzito ya giaboksi ya pili huizidisha nguvu ya kuzungusha mara nyingi, kiasi kwamba hafushafti, yaani fimbo inayopeleka mzunguko kutoka difu hadi gurudumu, hukatika lori linapokwama kwenye tope na dereva akaachia klachi ghafla. Vilevile kasi ya juu kabisa haiongezeki sana, kwa kuwa dizeli kubwa huzunguka taratibu na uwiano wa gia haujabadilika. Hilo si la kusikitisha, maana sheria ya Kenya inayafungia malori mazito kwenye kilomita 80 kwa saa.

Rejeta inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Maji Gilgil huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Injini kubwa iliyofungwa kwenye rejeta ya zamani, hasa yenye kifuniko kisichoshika presha, itachemka mlimani hata ikiwa mpya kabisa.

Kisha kuna vumbi. Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, mwamba mweupe uliotokana na magamba ya viumbe wadogo mno wa majini, magamba yaliyoundwa kwa silika. Udongo huo hutumika viwandani kuchujia vinywaji na mafuta, lakini vumbi lenye silika likiingia kwenye injini husaga ringi za pistoni na mapanga ya tabo. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, mwenye lori anapaswa kulegeza mpira unaotoka kwenye chujio la hewa na kupitisha kidole ndani yake. Kidole kikitoka na unga mweupe, kuna mahali hewa inapenya bila kuchujwa, na injini hiyo imeanza kuzeeka.

Upande wa sheria, nambari ya injini imeandikwa kwenye hati ya umiliki, hivyo mabadiliko hupaswa kusajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari kukaguliwa, la sivyo bima inaweza kuleta ubishi siku ya ajali. Injini mpya pia haiongezi uwezo wa kubeba: mizani ya Gilgil hupima ekseli, na ekseli ni zile zile za zamani.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni breki. Dizeli haina mlango wa hewa wa kuizuia kama petroli, kwa hiyo dereva akiondoa mguu kwenye mafuta injini haimsaidii sana kupunguza mwendo, na lori lililokuwa likipanda kwa kilomita 25 kwa saa sasa hufika kileleni kwa 50 na kuanza kuteremka likiwa na kasi hiyo. Kwenye mteremko mrefu wa Salgaa, magharibi ya Nakuru, ambako malori mengi yamepoteza breki zilizopata moto, tofauti hiyo ni kubwa. Eksozi breki, ambayo ni kifuniko kinachoziba njia ya moshi ili injini yenyewe ishikilie magurudumu, hufungwa kwa urahisi zaidi wakati bomba la eksozi linaundwa upya kwa ajili ya tabo, kwa hiyo inafaa iingie kwenye hesabu ya kazi tangu siku injini inaponunuliwa.