Lucas Radebe: Beki Aliyepigwa Risasi Akarudi Dimbani

Waulizeni askari katika kambi yoyote ni nani aliyepachika mabao mawili Afrika Kusini ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Johannesburg, tarehe 3 Februari, 1996. Watawajibu mara moja: Mark Williams. Waulizeni sasa ni akina nani waliosimama nyuma hata Tunisia ikaondoka bila bao. Hapo wengi watakuna vichwa. Nasi katika chuo cha makadeti tuliona mambo yayo hayo: anayeteka kilima hutajwa katika taarifa, lakini aliyekesha akilinda daraja hatajwi.

Mmoja wa walinzi hao alikuwa Lucas Radebe, mzaliwa wa Diepkloof, Soweto, mwaka 1969. Alikulia katika miaka ambayo utawala wa makaburu ulikuwa ukipeleka magari ya deraya katika vitongoji vya Waafrika, na vijana wa rika lake wakiyakabili kwa mawe. Wazazi wake, wakiogopa kumpoteza, walimpeleka Bophuthatswana alipokuwa na umri wa miaka 15. Huko ugenini alianza kucheza kabumbu kwa bidii ili kuondoa uchovu wa upweke, na alianza kama golikipa. Wasomaji waliweke jambo hilo akilini, kwani litarudi. Mwaka 1989 klabu ya Kaizer Chiefs ilimchukua, na baada ya muda akawa beki wa kati.

Mwaka 1991, akiwa garini mle mle Soweto, alipigwa risasi ya mgongo. Kwa bahati kubwa haikugusa kiungo cha uhai. Aliyefyatua hakupatikana kamwe. Radebe mwenyewe aliamini kwamba mtu huyo alikodiwa ili kumzuia asihamie klabu nyingine. Wasomaji wetu wa polisi wanajua jinsi jalada la namna hiyo linavyouma likibaki wazi. Tunaloweza kusema sisi ni kwamba majeruhi huyo alirudi uwanjani, na tarehe 7 Julai, 1992, mjini Durban, alikuwamo katika kikosi cha kwanza cha Afrika Kusini baada ya nchi hiyo kurudishwa katika kabumbu ya dunia, iliyokuwa imeitenga kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kameruni ilifungwa bao 1-0.

Mwaka 1994 Leeds United ya Uingereza ilimnunua kwa pauni 250,000, pamoja na mshambuliaji Philemon Masinga. Wengi walisema Radebe alichukuliwa ili Masinga asikose mtu wa kuzungumza naye! Mwaka uliofuata goti lake likakatika mishipa. Mtu mwingine angalifunga virago.

Tarehe 17 Aprili, 1996, Leeds ilikuwa Old Trafford ikipambana na Manchester United. Mchezo ukiwa bado mbichi, golikipa Mark Beeney alitolewa nje kwa kushika mpira nje ya eneo lake, na katika benchi hapakuwa na golikipa wa akiba. Radebe akavaa glavu. Timu ya watu kumi, beki akiwa langoni, ilizuia mashambulizi ya timu bora ya Uingereza hadi dakika ya 72, Roy Keane alipopata bao pekee la pambano. Leeds ilishindwa, lakini tangu usiku ule hakuna aliyeuliza tena Radebe alikuja kufanya nini.

Mwaka 1998 akawa nahodha wa Leeds, na mashabiki wakamwita Chifu. Aliliongoza taifa lake katika fainali za Kombe la Dunia mara mbili, 1998 na 2002. Safari hiyo ya pili alikwenda akiwa ametoka katika msimu mzima wa majeraha, naye akawafunga Hispania kwa kichwa. Mwaka 2000 FIFA ilimtunukia tuzo ya uungwana mchezoni. Katika michezo 200 ya ligi aliyoichezea Leeds hakufunga hata bao moja. Hata hivyo, mwezi Desemba 1999, katika Kombe la UEFA, kichwa chake katika dakika za mwisho ndicho kilichoing'oa Spartak Moscow.

Aliiagwa mwezi Mei 2005 katika uwanja wa Elland Road, mbele ya watazamaji zaidi ya 37,000, na mapato yakaelekezwa katika misaada. Wakati huo bendi moja ya vijana wa Leeds, mashabiki wa klabu hiyo, ilikuwa imekwisha kuvuma kwa jina la Kaiser Chiefs. Walilichukua kutoka klabu ile ya Soweto aliyotoka nahodha wao, ila walibadili herufi moja tu.