Tembe Puani, Vumbi Mapafuni

Neno 'dawa' limebeba mizigo miwili katika Kiswahili. Dawa humponya mgonjwa. Dawa za kulevya humwangamiza mtumiaji. Kati ya maana hizo mbili pana tabia ambayo haijapata jina thabiti katika lugha hii: kusaga tembe iliyoandikwa na daktari na kuuvuta unga wake puani. Kitenzi 'kunusa' hakitoshi, kwani hata ua hunuswa. Anayevuta ugoro ndiye anayekikaribia zaidi kitendo hicho, ila ugoro ulikusudiwa pua tangu mwanzo. Tembe ilikusudiwa tumbo.

Tembe si dawa tupu. Aghalabu huchanganywa na wanga, selulosi au talki ili ishikamane na isipukutike. Vitu hivi vikimezwa, wanga humeng'enywa, na vilivyosalia hutoka na choo. Puani hakuna njia kama hiyo. Chembe kubwa hunaswa na kamasi. Zile ndogo sana, hasa zisizozidi mikromita 5 hivi, huweza kuteremka na pumzi hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali oksijeni inapoingilia katika damu. Hapo seli za kinga huja kuzimeza kama zinavyomeza vijidudu. Talki, hata hivyo, haiyeyuki wala haiozi. Seli zilizoshindwa huungana na kuizingira ile chembe, na kinundu kidogo hutokea. Vinundu vikizidi, tishu laini ya pafu huweza kugeuka kovu, na kovu halitanuki wala halipitishi oksijeni vyema. Ndipo huja kikohozi na pumzi fupi, pengine miaka mingi baadaye. Ni kweli kwamba maradhi haya yameshuhudiwa zaidi kwa wanaoyeyusha tembe na kujidunga mshipani. Lakini madaktari wameyaeleza pia kwa watu waliotumia pua.

Mfano mashuhuri wa tembe iliyosagwa ni OxyContin, dawa ya maumivu iliyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 1996. Iliundwa ili iachilie nguvu zake polepole kwa muda wa saa 12. Waliotaka kulewa waligundua kwamba ikisagwa, nguvu zote hutoka kwa mkupuo. Mwaka 2010 mtengenezaji aliibadilisha ikawa ngumu kusagika. Dawa za jamii hii zina hatari nyingine kwa mapafu: hupunguza kasi ya kupumua na kuudhoofisha mkohozo unaoyalinda, hivi kwamba matapishi ya aliyelewa huweza kuteremkia humo na kuzua nimonia.

Jambo zito zaidi ni utambuzi. Katika picha ya eksirei, vinundu vya talki huweza kufanana na vya kifua kikuu, na katika nchi kama Kenya, ambako kifua kikuu ni cha kawaida, dhana ya kwanza si vigumu kuibashiri. Mara nyingine ukweli hubainika tu kipande cha pafu kinapotazamwa kwa hadubini yenye mwanga maalumu, chembe za talki zikimeremeta. Hapa ndipo lugha inaporudi. Mgonjwa akiulizwa, "Unatumia dawa zozote?" atajibu bila kusema uongo kwamba anatumia za hospitali, na mazungumzo yataishia hapo. Swali linalohitajika ni jingine: "Unazitumia kwa njia gani?"