Umeme wa Usiku wa Mwezini: Majaribio ya Seli za Fueli Zinazojirejesha (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa kwamba seli ya fueli ni chombo kinachounganisha haidrojeni na oksijeni pasipo kuziunguza, kikatoa umeme, joto na maji, na kwamba vyombo vya aina hiyo vilitumika katika safari ya Gemini 5 mwaka 1965 na baadaye katika safari za Apollo. Vyombo hivyo vilikuwa na kikomo: gesi zilizopakiwa duniani zilipokwisha, umeme nao ulikwisha. Mfumo unaojirejesha huondoa kikomo hicho kwa kuongezewa mtambo wa elektrolisisi, yaani mtambo unaopitisha umeme wa paneli za jua katika maji na kuyatenganisha yawe tena gesi zile zile mbili, ambazo mchana hujazwa matangini na usiku hurudi kuwa maji.

Haja ya mfumo huo hutokana hasa na usiku wa Mwezi. Mchana na usiku wake kwa pamoja huchukua takribani siku 29 na nusu za dunia, kwa hiyo sehemu kubwa ya uso wake hukaa gizani kwa saa 354 hivi mfululizo, katika baridi inayokaribia nyuzi 170 chini ya sifuri. Kituo kinachohitaji kilowati 10 tu kingetumia kilowati-saa 3,540 kwa usiku mmoja, na betri za lithiamu zinazohifadhi wati-saa 200 kwa kila kilo zingelazimika kuwa na uzito unaozidi tani 17. Gesi zinazounda kilo moja ya maji, zikipita katika seli yenye ufanisi wa asilimia 55 hivi, hutoa takribani kilowati-saa 2.4; kwa hiyo tani moja na nusu ya maji ingetosha, na hata uzito wa matangi na mitambo ukijumlishwa, nafuu hubaki kubwa.

Nafuu hiyo haipatikani kila mahali. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi na hukaa gizani kwa dakika zipatazo 35 tu, na hapo betri ndiyo bora, kwa kuwa hurudisha sehemu kubwa ya umeme iliyowekewa, ilhali mfumo wa gesi hurudisha nusu yake hivi.

Katika Kituo cha Utafiti cha Glenn cha NASA, mjini Cleveland, Marekani, ulijaribiwa mfumo uliofungwa kabisa, ambao hakuna kilichoingia wala kutoka isipokuwa umeme na joto. Ulipitia mizunguko kadhaa mfululizo ya kujazwa na kutumiwa, na ufanisi wake wa kwenda na kurudi ukafikia asilimia 52. Umuhimu wa jaribio hilo ulikuwa katika kule kufungwa, kwani kemia yenyewe inajulikana tangu karne ya 19, lakini katika mfumo usiojazwa tena kila kinachovuja ni hasara ya kudumu, na uvujaji usioonekana katika mzunguko mmoja huweza kuumaliza mfumo baada ya miaka. Gesi itokayo kwenye elektrolisisi huwa na mvuke, nao usipokaushwa huganda na kuziba mabomba wakati wa baridi. Maji yanayozaliwa ndani ya seli nayo yasipoondolewa huzizuia gesi kuufikia utando, ile ngozi nyembamba inayopitisha protoni. Na kwa kuwa mvutano wa Mwezi ni sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, matone hayashuki wala viputo havipandi kama vinavyozoeleka maabarani. Pampu, vali na vipasha-joto pia hula umeme ule ule unaohifadhiwa, ndiyo maana kipimo cha seli peke yake hakitoshi kuuhukumu mfumo mzima.

Kwa hiyo jaribio linalostahili kuaminiwa ni lile linaloendeshwa ndani ya chumba cha ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa, huku joto na baridi vikibadilishwa kama Mwezini, kwa mzunguko kamili wa saa zipatazo 708, tena bila mkono wa fundi kugusa chochote.

(Itaendelea)