Gari la zamani la mashindano: resori kwanza, amortisa baadaye

Toyota Corolla AE86, iliyotengenezwa Japani kati ya 1983 na 1987, ingali inapendwa na madereva wa ridhaa. Lakini wengi wanaharibu sehemu ya nyuma: wanafunga resori ngumu juu ya amortisa zilizochoka.

Magurudumu ya nyuma ya gari hili yameungwa na ponti moja. Tairi moja likiingia shimoni, la pili nalo linatikisika.

Hesabu ni rahisi. Resori ya nguvu ya kilo 4 kwa milimita, ikibebeshwa kilo 200, inashuka milimita 50. Ya kilo 8 inashuka 25 tu. Kwenye lami laini hiyo inafaa. Penye mashimo, tairi linaachana na barabara na gari linateleza.

Kazi ya amortisa ni kutuliza resori. Ikiwa dhaifu, gari linadunda. Ikiwa kali mno, resori inachelewa kurudi kabla ya shimo lingine.

Basi pima kwanza uzito unaobebwa na kila gurudumu, chagua resori, kisha tafuta amortisa mbili zinazolingana nayo kwa urefu na nguvu. Pesa ikiwa kidogo, afadhali resori laini na amortisa nzima kuliko resori ngumu na amortisa inayovuja mafuta.