Mtengeneza Faharasa

Mwisho wa vitabu vingi vya elimu pana kurasa chache ambazo wasomaji wengi huzipita. Hizo ni kurasa za faharasa, yaani orodha ya mambo yaliyomo kitabuni, yaliyopangwa kwa taratibu ya alfabeti, na kila jambo limeandikiwa nambari ya ukurasa wake. Faharasa humfaa yule ambaye hana nafasi ya kusoma kitabu chote.

Zamani kazi hii ilikuwa ngumu mno. Katika karne ya 13 watawa wa Kidominiko mjini Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, waliyapanga maneno ya Biblia ya Kilatini kwa alfabeti. Lakini vitabu vya siku zile viliandikwa kwa mkono, wala kurasa za nakala moja hazikulingana na za nyingine. Basi waligawa kila sura sehemu saba, wakaziita A mpaka G, hata neno likaweza kupatikana katika nakala yo yote. Uchapaji ulipokuja kurasa zililingana, na mwaka wa 1470 kitabu kimoja kilichapwa mjini Cologne kikiwa na nambari za kurasa.

Siku hizi kazi hii ina mafundi wake. Wale wa Uingereza walianzisha chama chao mwaka wa 1957. Zamani fundi aliandika kila jambo katika kipande cha karatasi, akavipanga vipande sandukuni. Sasa kompyuta humpangia mara moja. Lakini kupanga ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kutambua neno atakalolitafuta msomaji.

Mathalani, kitabu cha uuguzi chaeleza habari za “majeraha ya moto” katika ukurasa wa 84. Usiku mtoto amemwagikiwa na uji wa moto, na mama yake afungua faharasa kwa haraka, atafuta “kuungua”. Halipo. Akifunga kitabu na kudhani hakina msaada, kosa si lake. Fundi asiyejali angaliandika neno la mwandishi tu. Fundi mwema huandika 84 mahali pote pawili, kwa maana mwenye mtoto aliaye hapendi kuambiwa “tazama kwingine”.

Kiswahili kina ugumu wake tena. Wingi wa maneno huonekana mwanzoni: jino liko katika J, na meno katika M. Vitendo navyo vikiandikwa vyote kwa ku-, herufi ya K hujaa pomoni. Je, yule mama atafute K au U? Hapana budi fundi achague kanuni moja, aitaje juu ya faharasa, na kuishika mpaka mwisho.

Tena asirundike nambari. Akiandika “homa, 3, 9, 14, 22, 31, 40”, amemtuma msomaji safari sita. Afadhali aandike “homa: dalili, 9, dawa, 31”, na kuacha kurasa ambamo homa imetajwa kwa kupita tu.

Kazi hii haimaliziki mpaka kurasa zimekwisha kupangwa kwa kuchapwa. Mwandishi akiongeza maneno machache katika ukurasa wa 20, huenda mistari ikasukumwa ukurasa kwa ukurasa, na fundi hana budi kuanza kuhakiki nambari zake upya.