Kahawa ya Umatengo katika Jiko la Mwenyewe

Milima ya Umatengo, iliyouzunguka mji wa Mbinga katika mkoa wa Ruvuma, imekuwa ikizaa kahawa tangu miaka ya 1920, na kahawa hiyo, ya aina ya arabika, imekwisha kunywewa katika miji mingi ya dunia ambayo mkulima wake hajapata kuitia machoni; lakini mgeni abishaye hodi katika nyumba iliyozungukwa na mibuni aghalabu hukaribishwa kwa chai. Sina nia ya kuibeza chai, kinywaji chenye heshima yake. Nasikitika tu kwamba mtu hupanda, hupogoa, huchuma, humenya, huosha na kuanika, kisha husimama hatua moja kabla ya ladha yenyewe kuzaliwa. Hatua hiyo ni kukaanga, nayo, kinyume cha wadhanivyo wengi, haihitaji kiwanda. Yahitaji moto, chombo kizito, mwiko, na mtu mwenye saburi.

Hali hii ina asili yake, wala haimpunguzii mkulima hadhi. Kahawa ilipandwa Umatengo katika zama za utawala wa Waingereza ikiwa zao la kupatia fedha, fedha ya kodi, ya bati la nyumba na ya karo ya watoto, na tokea hapo njia yake ilielekezwa nje ya nyumba. Mwaka 1936 kilianzishwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina fupi la NGOMAT; vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976, vikafufuliwa baadaye, lakini njia ya kahawa ilibaki ile ile. Ilikobolewa, ikasafirishwa mpaka mnadani Moshi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, ikapakiwa melini ingali mbichi. Hata kituo cha utafiti cha Ugano, tawi la taasisi ya utafiti wa kahawa TaCRI iliyoanza kazi mwaka 2001, ambacho kimewafaa sana wakulima kwa miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kazi yake kubwa iko shambani. Habari za kikaango zimeachiwa wanunuzi wa mbali.

Nami sioni kwa nini iwe hivyo kwa watu waliovumbua ngoro. Yeyote aliyeziona ngoro, mashimo yale ya mraba yaliyopangwa kwa safu katika miteremko mikali, ambayo kingo zake hujengwa kwa nyasi zilizolazwa na kufukiwa udongo ili mvua isichukue rutuba bondeni, atakubali kwamba wenyeji wa milima hii ni mafundi wa kusoma maji, udongo na majira. Kukaanga buni ni kusoma pia, na masomo yake ni mepesi kuliko yale.

Tuanze na buni yenyewe. Tunda la kahawa lililoiva ni jekundu, na ndani yake kwa kawaida hukaa buni mbili zilizoelekezana kwa ubavu ulio bapa, zimevikwa utelezi mtamu, kisha ngozi ngumu ambayo wafanyabiashara huiita pachimenti, kisha utando mwembamba wa rangi ya fedha. Baada ya tunda kumenywa, utelezi kuchachuliwa na kuoshwa, na buni kuanikwa juu ya kichanja hata unyevu ukabaki kiasi cha asilimia 11, mwenye nyumba aweza kuitwanga ngozi ile kinuni kwa mkono mwepesi, akapepeta kwa ungo, akapata buni safi: ngumu, za kijani kilichofifia, zisizo na harufu ya kahawa hata chembe. Harufu hiyo haijakuwamo bado. Huumbwa na moto, kutokana na sukari na protini zilizomo ndani ya buni, na kwa sababu hii buni zilezile, zikiingia katika mikono miwili tofauti, hutoka kahawa mbili zisizofanana.

Kabla ya kuwasha jiko, buni huchaguliwa. Zilizo nyeusi, zilizoota ukungu na zilizotobolewa na wadudu hutupwa bila huruma, maana chache tu zatosha kuharibu birika zima. Kisha chombo, kiwe kikaango cha chuma kizito au chungu cha udongo, huwekwa juu ya mkaa usiokuwa mkali kupita kiasi, kikapata moto kabla ya kumiminiwa buni, nazo zisizidi matabaka mawili, kwa sababu zilizo chini zitaungua ilhali zilizo juu zingali mbichi. Tangu hapo mwiko hausimami. Dakika za mwanzo ni za kukausha: maji hutoka, kijani hugeuka manjano, na harufu ya majani hupokewa na harufu ya mkate uwapo tanurini. Kisha buni hushika wekundu wa udongo, huvimba, na ule utando wa fedha huanza kuambuka na kurukaruka, jambo linalofanya kazi hii ifanywe uani penye upepo kuliko ndani ya nyumba.

Kati ya dakika ya nane na ya kumi na mbili, kwa kadiri ya moto, ndani ya buni joto likikaribia nyuzi 200 za Sentigredi, mvuke na hewa zilizobanwa hutafuta pa kutokea, na buni huanza kualika, mojamoja kwanza, kisha kwa wingi, mfano wa bisi katika sufuria. Hapa ndipo palipo na elimu yote. Aondoaye kikaango mialiko hii inapokoma hupata kahawa ya rangi ya hudhurungi, yenye uchachu mwanana na utamu wa mbali wa tunda. Akiendelea dakika chache zaidi, joto likapita nyuzi 220, husikia mialiko ya pili, myembamba na ya haraka, na mafuta huanza kung'aa juu ya buni, uchachu ukapungua na uchungu ukatawala. Baada ya hapo hakuna la kutafuta isipokuwa moshi na makaa, na buni zaweza hata kushika moto. Mkaangaji hana budi kutegemea sikio zaidi ya saa, na kuepua kabla rangi aitakayo haijatimia, kwani joto lililomo ndani ya buni huendelea kuzipika hata baada ya kuondolewa jikoni. Basi humiminwa ungoni papo hapo, hurushwa na kupepetwa mpaka zipoe, makapi yakaenda zake na upepo.

Kilo moja ya buni mbichi haitarudi kilo. Itapungua kiasi cha gramu 150 au zaidi, ijapokuwa kwa macho zitaonekana nyingi kuliko awali kwa sababu zimetanuka. Wala zisitwangwe saa ile ile. Buni iliyotoka motoni hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na yafaa ilale usiku kucha ndipo itiwe kinuni. Kwa maoni yangu kahawa ya Umatengo hudhulumiwa inapokaangwa hata ikawa nyeusi tititi, maana uchachu ule ni zawadi ya miinuko na baridi, ambayo kahawa ya nchi za chini haikujaliwa. Lakini sipingani na wenyeji wa pwani, ambao kahawa yao chungu, ichemshwayo kwa tangawizi ndani ya dele la shaba na kunywewa barazani kwa kashata, yataka buni iliyokaangwa sana, na katika desturi yao wako sahihi.

Wala kukaanga nyumbani si jambo geni duniani. Ethiopia, ambako mbuni wa arabika una asili yake, mama mwenye nyumba hukaanga buni mbele ya wageni hata leo, akawapitishia kikaango ili waunuse moshi kabla kahawa haijatwangwa. Huko Prussia, mwaka 1781, mfalme Friedrich wa Pili alijihodhia biashara ya kukaanga kahawa na kuwakataza raia wa kawaida kuikaanga wenyewe, na askari wastaafu waliajiriwa wazunguke mitaani wakinusa harufu ili wawakamate wakaidi. Serikali haiajiri wanusaji kwa jambo lisilofanywa na watu wengi. Na Marekani, kabla mitambo ya viwanda kama ule uliobuniwa na Jabez Burns mwaka 1864 haijaenea, familia nyingi zilinunua buni mbichi dukani na kuzikaanga zenyewe. Walikuwa na sababu njema: buni mbichi ikiwekwa pakavu hudumu miezi mingi, hata mwaka, ilhali iliyokaangwa hupoteza uhai wake katika wiki chache, na iliyotwangwa hupoteza upesi zaidi.

Barabara ikiteremka kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa, mambo hubadilika kidogo. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya joto na unyevunyevu, na arabika haipendi kukaa kandokando ya maji hayo. Kwa hiyo mkazi wa Liuli au Lituhi hana budi kuzipata buni zake kutoka milimani, naye azitunze kwa hadhari kuliko jamaa zake wa juu. Gunia liwe juu ya kichanja, lisigusane na sakafu wala ukuta, na liwe mbali na mafuta ya taa na dagaa waliokaushwa, kwani buni hunyonya unyevu na harufu ya jirani yake, na moto hautaiondoa baadaye. Maji nayo yana tofauti: milimani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ziwani kwenye 98, basi wa milimani na aiache kahawa yake ikae majini muda mrefu kidogo.

Limebaki jambo la ukubwa wa buni, ambalo huwafanya wengi waone haya kujiwekea akiba. Sokoni buni hupangwa kwa madaraja, AA na A zikiwa kubwa na za bei, B na C zikiwafuata, na mkulima hudhani kwamba kubakiza kahawa nyumbani ni kujinyima fedha. Lakini chekecheke hupima upana, haionji. Buni ndogo iliyoiva mtini na kuanikwa vizuri yaweza kuwa na ladha sawa na ile kubwa iliyochumwa katika shina lilelile, ila huiva motoni mapema zaidi. Basi na apeleke zilizo kubwa chamani kama ada, abakize kilo chache za zile ndogo kwa ajili ya nyumba yake, azitenge kwa ukubwa, na akaange kila fungu peke yake, akianza na gramu 200 tu mpaka sikio lake lizoee mialiko.