Dhamira na Mtindo katika Filamu za Amil Shivji, 2013–2021

Makala haya yanafafanua dhamira na mtindo wa mwongozaji Mtanzania Amil Shivji katika kipindi kilichozaa Shoeshine (2013), T-Junction (2017) na Vuta N'kuvute (2021). Siasa ndiyo hutajwa kwanza na wanaomjadili. Hata hivyo, kinachoziunganisha filamu hizi kwa uthabiti zaidi ni kijiwe, yaani mahali ambapo mtu asiye na cheo husema na wenzake wakamsikiliza. Kampuni yake ya utayarishaji, Kijiweni, imebeba jina hilohilo.

Shoeshine, filamu fupi, inamweka kijana anayepiga kiwi viatu katika mtaa wa Dar es Salaam. Jamii nzima hupita mbele yake, nayo humsahau inapozungumza.

T-Junction inalipanua wazo hilo kwa ustadi mkubwa zaidi. Fatima amefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye, na hospitalini anakutana na Maria, ambaye anamsimulia maisha ya watu wa njia panda. Hapa mbinu rejeshi imetumiwa kinyume na mazoea. Kwa kawaida urejeshi hufichua yaliyompata mhusika mkuu mwenyewe, lakini katika filamu hii kumbukumbu ni za mwanamke mwingine. Fatima anajifunza kuomboleza kwa kusikiliza msiba usio wake. Fani na dhamira hazitenganishiki: hadithi ndani ya hadithi ndiyo hoja yenyewe kuhusu nani anastahili kusikilizwa.

Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, inarudi Unguja ya miaka ya 1950. Denge anapinga ukoloni wa Waingereza. Yasmin anaikimbia ndoa asiyoitaka. Msuko mpana wa riwaya umebanwa ili mapenzi yatawale, na pengine uzuri wa picha unaupoza ukali wa siasa. Filamu ilioneshwa Toronto mwaka 2021, kisha ikawa ya pili kuwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar, baada ya Maangamizi.

Swali linalobaki ni iwapo mtindo huu uliozaliwa Dar es Salaam na Unguja unaweza kuhamia bara, kwa mfano Mbulu na Hanang. Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi Yaeda Chini wilayani Mbulu, wamefahamika zaidi kupitia kamera za wageni, ikiwemo The Hadza: Last of the First ya Bill Benenson (2014). Kijiwe cha huko kingesema Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza, na Kiswahili kingekuwa lugha ya kukutania. Malighafi ya kifani ipo: katika slufay ya Wairaqw, mzee hughani dua na waliohudhuria humwitikia. Uhusiano huo wa msemaji na wasikilizaji ndio ambao T-Junction iliujenga kwa kuwakutanisha wanawake wawili hospitalini.